Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kwenda Hawaii na watoto wa homskuli, baba akiwa jeshini

Tangu tuanze kwenda Oahu, kisiwa cha Hawaii, na watoto maswali hayaishi, wasapu, simu, hata kanisani mtu ananivuta kando aniulize kuhusu "ile hoteli ya wanajeshi". Basi nimeyakusanya hapa. Sisi tunakaa Washington, ile ya huku magharibi, karibu na kambi ya Lewis-McChord, baba yao yuko Army, mimi ni mtu wa Mtwapa, na watoto wote wanasomea nyumbani. Nyie mlioko Texas, North Carolina au kule Ujerumani mengi yatawafaa, ila sheria za shule ni za kila jimbo kivyake. Bei ya vyumba siandiki maana hubadilika kila msimu, ingieni wenyewe muangalie.

Watoto wakikosa masomo hizo siku, serikali haitatufuata?

Hapana. Hili ndio swali la kwanza kwa kila mtu aliyesoma Kenya, tumezoea mwalimu anaita rejista asubuhi na ukikosa unaleta barua. Homskuli Marekani haiendi hivyo. Hapa Washington unapeleka ile karatasi ya kutangaza nia kabla ya tarehe 15 Septemba, sheria inaanza kumbana mtoto akifika miaka 8, kuna masomo 11 ya kugusa, na mara moja kwa mwaka anafanya mtihani au anapimwa na mwalimu mwenye cheti, matokeo unakaa nayo wewe. Hakuna mtu wa kuja kukuuliza Jumanne mlikuwa wapi. Texas ndio rahisi kabisa, homskuli inahesabika kama shule ya binafsi tangu ile kesi ya Leeper iliyomalizwa 1994, huandikii mtu chochote. North Carolina wanataka taarifa, mtihani wa kila mwaka, na shule iendeshwe angalau miezi 9.

Mkienda Hawaii likizo mnabaki chini ya sheria ya jimbo mnakoishi. Mkihamishiwa huko ndio inakuwa hadithi nyingine, hapo kuna fomu 4140 unampelekea mkuu wa shule ya mtaa wenu na mitihani ya darasa la 3, 5, 8 na 10. Usichanganye mambo hayo mawili, kuna watu wameniuliza kama wajaze fomu kwa ajili ya wiki moja ya kuogelea.

Mbona Hawaii na si Mombasa kwenu?

Mama yangu ndiye muulizaji mkuu wa hili. Mwanajeshi anapata siku mbili na nusu za likizo kila mwezi, yaani 30 kwa mwaka, na Jumamosi na Jumapili zikiangukia katikati zinahesabiwa pia. Mombasa ni ndege mbili tatu, mwili siku kadhaa hauko sawa, halafu kwa yeye kutoka nje ya nchi kuna ruhusa na mafunzo ya usalama ya kujaza kwanza. Hawaii ni Marekani, huhitaji hata pasipoti. Nyumbani tunaenda ile miaka ambayo siku zimejilimbikiza.

Hiyo hoteli ya wanajeshi ni nini hasa, na nani anaruhusiwa?

Inaitwa Hale Koa, iko Waikiki kwenyewe, ndani ya Fort DeRussy, ilifunguliwa 1975, na pwani iko hapo hapo ukitoka mlangoni. Ni ya idara ya ulinzi lakini inajiendesha kwa pesa inazopata kwa wageni. Bei inapangwa kwa cheo, sajini analipa chini ya kanali kwa chumba kile kile, na hilo mimi nalipenda sana maana ni mahali pachache duniani ambapo kuwa mdogo kuna faida. Wanaoruhusiwa ni walio kazini, wastaafu, Guard na Reserve (askari wa akiba), wafanyakazi raia wa idara ya ulinzi, na tangu Januari 2020 pia maveterani wenye ulemavu uliotokana na utumishi. Ina dada zake, Shades of Green kule Disney Florida, Edelweiss kule Garmisch Ujerumani, na Dragon Hill Seoul.

Lakini sasa nisikilizeni. Kama mna watoto wadogo wengi na wanapiga kelele kama wangu, angalieni Bellows, upande wa Waimanalo. Ni vibanda vya kupanga ndani ya eneo la jeshi, vina jiko, bahari iko mbele, na hakuna maduka ya kuwatoa watoto roho. Inabidi muwe na gari. Waikiki ni pazuri ila ni mji, lifti, foleni, na kila hatua mtoto ameona kitu cha kununuliwa. Na vibanda huisha mapema mno, ukisubiri mpaka likizo isainiwe ndio uangalie utakuta majina ya wenzako.

Space-A ni ukweli? Ndege ya bure?

Ni ukweli. Ni viti vilivyobaki kwenye ndege za jeshi, na familia inaruhusiwa ikiwa imeandikwa DEERS, yaani daftari la jeshi la wanajeshi na wategemezi wao. Bure ni bure, ila uelewe unachopata.

Kuna makundi sita. La kwanza ni dharura, msiba na kadhalika. Mwanajeshi aliye likizo ya kawaida na familia yake wako kundi la tatu, wastaafu kundi la sita. Unajiandikisha likizo ikishaanza, si kabla, na jina linakaa mpaka siku 60 au likizo iishe, kimoja kitakachotangulia. Jiandikishe teminali zaidi ya moja, na jiandikishe ya kurudi pia siku hiyo hiyo, maana jina likikaa zaidi kwenye foleni ndio unapanda juu ndani ya kundi lako. Ratiba wanaweka ya saa 72 tu. Halafu mnaenda, mnakaa, wanaita majina. Kila mtu mizigo miwili, ratili 70 kila mmoja, ambayo ni kama kilo 32.

Tatizo ni kwamba ndege ipo kwa ajili ya kazi, abiria ni ziada. Ilisemwa viti 40, mzigo ukiongezeka vinakuwa 10, wanaitwa kundi la kwanza na la pili, basi. Kuna familia tunayoifahamu walikaa teminali mpaka mtoto akawa anajua majina ya wahudumu wote, mwishowe wakanunua tiketi za ndege ya kawaida kwa bei ya dakika za mwisho. Kwa hiyo ushauri wangu, na huu nausimamia: nendeni kwa Space-A, rudini kwa tiketi mliyonunua. Kuchelewa kufika ni likizo imepungua tu, kuchelewa kurudi ni mume ameripoti kazini baada ya muda, na hiyo jeshini haina utani. Na kama hamna pesa ya tiketi za kurudi pembeni, msiondoke kabisa.

Hapo ndipo homskuli inapolipa sasa. Wengine wote wanasafiri Juni mpaka Agosti, wakati ambao pia ni msimu wa uhamisho, na Krismasi, na ile wiki ya mapumziko ya masika. Sisi tunaenda mwisho wa Septemba au Februari, teminali imetulia, wazee wastaafu na sisi.

Ndani ya C-17, ile ndege ya mizigo ya jeshi, kukoje?

Baridi! Kila mtu anafikiri anaenda Hawaii anavaa kaptura na malapa. Vaeni viatu vya kufunika, soksi, sweta, na kila mtoto awe na blanketi lake. Viti viko ubavuni mmegeuziana nyuso, katikati ni mzigo umefungwa minyororo. Wanawapa plagi za masikio kwa sababu kelele ni ya injini tupu, hamuwezi kuongea, mnaongea kwa mikono. Wakisharuhusu watu kusimama, wenye uzoefu wanatandika godoro la kupuliza sakafuni wanalala. Mtoto wangu mdogo alilala juu ya begi la baba yake karibu na gurudumu la lori, mkubwa akaenda kusimama kwenye kidirisha cha duara, na yule kijana anayesimamia mzigo akamwonyesha kwa vidole jinsi wanavyopima uzito wa mbele na nyuma ili ndege isilemee upande mmoja. Hiyo ilikuwa somo la hesabu tosha ya siku nzima na sikufungua daftari.

Tubebe vitabu vya masomo?

Hapa nitagombana na watu. Usibebe. Labda daftari moja la kuchora na kitabu cha hadithi cha usiku. Najua kuna mama wanabeba begi zima la hesabu na sarufi, wanawakalisha watoto asubuhi hotelini mpaka saa sita ndio waende baharini, na baba naye amekaa kitandani anaangalia simu anasubiri shule iishe. Mume amekuwa miezi tisa mbali, jamani. Hiyo asubuhi ni yake.

Na masomo yenyewe yatakuja tu, kisiwa kile kimejaa. Mfano nguchiro. Utawaona wanakatiza njia mchana kweupe, na mtoto wa kwetu atauliza nguchiro anafanya nini huku. Wenye mashamba ya miwa waliwaleta 1883 ili wale panya. Sasa panya anatembea usiku, nguchiro anatembea mchana, hawakukutana sana. Nguchiro wakageukia mayai ya ndege wa kienyeji ambao walikuwa hawajawahi kuishi na mnyama wa namna hiyo. Watoto wangu wamesimulia hiyo hadithi kwa kila mgeni aliyekuja nyumbani.

Au mitumbwi. Wahawaii wa kale walifika visiwani kwa kufuata nyota, mawimbi na ndege, na 1976 mtumbwi unaoitwa Hokulea ulisafiri kutoka Hawaii mpaka Tahiti bila kifaa chochote, ukiongozwa na Mau Piailug, baharia wa kisiwa cha Satawal. Ile mitumbwi midogo ya pwani ina mrengu pembeni, ngalawa zetu zina miwili, yao mmoja. Na si bahati tu, watu wa ukoo huo huo wa lugha walisafiri pia upande wa pili wakafika Madagaska, karibu kabisa na kwetu. Waambieni watoto waangalie ramani, ni karibu nusu ya dunia hiyo.

Pearl Harbor na watoto wadogo, si itawatisha?

Wangu hawakutishika, waliuliza. Kuingia eneo lenyewe ni bure, ila mashua ya kwenda kwenye ukumbusho wa USS Arizona inahitaji nafasi mnayoweka kwenye tovuti ya Recreation.gov kwa dola moja kila mtu, na nafasi hufunguliwa wiki 8 kabla. Mabegi hayaingii, hata ule mkoba wa nepi, kuna mahali pa kuyaacha kwa kulipia, kwa hiyo wekeni vitu mifukoni.

Ukifika juu pale, meli iko chini ya miguu yenu. Watu 1,177 walikufa kwenye meli hiyo moja tarehe 7 Desemba 1941, na mafuta bado yanatoka, tone moja moja linapanda, linafika juu linatanuka rangi za upinde wa mvua halafu linasogea na maji. Wa katikati akamuuliza baba yake, "na wewe ukienda kazini unakuwa kwenye meli?" Baba yake akachuchumaa akamwambia hapana, mimi ni wa nchi kavu. Wakakaa hapo wawili muda. Mimi nilisogea nikawaacha.

Halafu kuna kitu wengi wetu hatuunganishi. Baba mkubwa wa babu yao upande wa mume alikuwa Keya, lile jeshi la Waingereza la Waafrika (King's African Rifles), alipelekwa Burma. Ni vita ile ile na adui yule yule, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope. Ukimaliza Arizona nendeni meli ya Missouri hapo hapo jirani, Ford Island, meli ambayo juu yake Japani ilisaini kusalimu amri tarehe 2 Septemba 1945, na mwambie mtoto kwamba karatasi iliyosainiwa juu ya meli hii ndiyo iliyomrudisha yule mzee kijijini. Kama mna mzee wa Keya kwenye ukoo ulizeni habari zake kabla ya safari.

Na msiishie hapo. Nendeni Iolani, jumba la malkia Liliuokalani, aliyepinduliwa Januari 1893 huku wanajeshi wa meli ya USS Boston wakiwa wameshushwa mjini, na akafungwa chumba cha juu cha jumba lake mwenyewe 1895. Bunge la Marekani liliomba radhi rasmi 1993. Kuna wazazi wanaona hilo halifai kwa watoto wa mwanajeshi. Mimi naona ndio linawafaa wao kuliko wote, na mume wangu naye anaona hivyo.

Baharini kuna hatari gani?

Yavuyavu, wale wa kama jeli. Waikiki na pwani za kusini huja wale wabaya siku ya 8 mpaka ya 10 baada ya mwezi mpevu, kila mwezi, utadhani wana kalenda. Basi kabla ya kuchagua tarehe angalia mwezi, watu wa pwani hilo hatufundishwi. Waokoaji huweka vibao, mkiona kibao msiingie, nendeni siku hiyo mkapande kilima cha Diamond Head.

Pwani ya kaskazini mawimbi ya miezi ya baridi ni ya kutazama ukiwa umekaa mchangani, mbali. Kiangazi inatulia. Kasa mkae mita 3, sili mita 15, hata akilala katikati ya njia yenu. Mafuta ya jua yenye oxybenzone na octinoxate hayauzwi Hawaii tangu Januari 2021 kwa sababu ya matumbawe, chukueni ya zinki. Na ndio, watoto weusi pia wanaungua, acheni hiyo imani.

Kuna chakula chetu?

Kuna kuliko hapa bara! Poi ni majimbi yaliyopondwa, wa Nairobi mnaita nduma. Ulu ni shelisheli lile lile la kwetu. Samaki usiseme. Malasada, maandazi ya Wareno, mle yakiwa moto, hayana iliki lakini watoto hawakulalamika. Mikahawa ni ghali na maziwa ni ghali zaidi, kwa hiyo siku ya kwanza pitieni komisari, duka la vyakula la jeshi, kambi ya Hickam mjaze friji.

Diamond Head na ghuba ya Hanauma inabidi kuweka nafasi?

Ndio, zote mbili kwa wasio wakazi. Hanauma inafungwa Jumatatu na Jumanne, na nafasi zinafunguliwa siku mbili kabla saa moja asubuhi ya Hawaii, zinaisha kwa dakika. Mmoja awe na simu mkononi.

Mama mkwe yuko kwetu kutoka Kenya, anaweza kuja?

Hotelini anaweza kuwa mgeni wenu. Kwenye Space-A hapana, isipokuwa ameandikwa DEERS kama mtegemezi, na wengi hawajaandikwa. Mnunulieni tiketi ya kawaida, na visa yake iwe hai na pasipoti aibebe hata kama ni ndani ya Marekani.

Mtoto akiugua?

Dharura nenda hospitali iliyo karibu, na TRICARE, bima ya afya ya jeshi, mtaongea baadaye. Yasiyo ya dharura, familia iliyo kwenye mpango wa TRICARE Prime inaweza kwenda kliniki ya haraka bila rufaa, lakini mwanajeshi mwenyewe anahitaji. Hospitali ya jeshi ni Tripler, jengo la waridi juu ya kilima, utaliona ukiwa barabarani.

Kupiga simu nyumbani saa ngapi?

Kenya iko mbele saa 13, mwaka mzima, kwa sababu Hawaii haibadilishi saa. Saa kumi na mbili jioni yenu ni saa moja asubuhi ya kesho kwa bibi, ndio anakunywa chai. Mpigieni hapo.

Baba ametoka misheni na watoto wamezoea mama ndiye mwalimu, ndiye kila kitu. Likizo itasaidia?

Hili huwa wananiuliza kwa sauti ya chini. Inasaidia ukimwachia nafasi. Watoto wa homskuli wako na mama kutwa, wakiwa na njaa mama, wakigombana mama, na baba akirudi anaanza kutoa amri kama yuko kikosini kwa sababu hajui utaratibu wa nyumba. Kisiwani hakuna anayejua utaratibu, hata mimi. Mpe siku nzima na watoto bila wewe, akawafundishe kuogelea, akakosee barabara, wakale aiskrimu kabla ya chakula. Usiwapigie simu kila saa. Siku za kwanza mbili watakuja kwako kumshtaki, mwambie kila anayekuja kushtaki arudi akaongee naye. Mimi hiyo siku nilikaa chini ya mti na kitabu changu mwenyewe, si cha shule.

Picha tuweke mtandaoni?

Mkisharudi. Na msiandike ametoka wapi, kikosi gani, anarudi lini. Nyumba iko tupu na kila mtu anajua, hiyo peke yake inatosha.

Tunaruhusiwa kurudi na matunda?

Mizigo inakaguliwa na watu wa kilimo kabla ya kuondoka kuja bara, hata ukipanda ndege ya jeshi. Nanasi linapita, nazi inapita. Embe na mapera hayapiti, yamalizeni huko huko. Mchanga wa pwani pia hauruhusiwi kuchukuliwa, kwa hiyo kung'uteni mifuko ya watoto kabla ya kufunga begi, maana wangu walikuwa wameficha hata kwenye soksi.